Dhiraa

Arvid Haugstad alitaka kujenga chumba.
Chumba kimoja na choo, nyuma ya nyumba yake,
mlango mpana wa kupita kiti cha magurudumu,
dirisha la kusini, mama yake aone theluji ikiyeyuka.

Alikuja kwangu na mchoro, mwezi Machi, viatu vimelowa,
akautandaza juu ya meza ya jikoni,
pembe akazigandamiza kwa kikombe changu na kopo la chumvi.
Nikasema, "Pazuri." Nikamwongezea kahawa.
Ulimi hauna mfupa.

Wiki ile ile ikaja barua ya halmashauri,
karatasi ya manjano, kwa kila mwenye nyumba wa jirani:
mwombaji anaomba kulegezewa kanuni.
Mtaa huu ni wa kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja.
Jengo lolote la nyuma likae futi kumi na tano kutoka mpakani.
La Haugstad, kutoka kwenye ua wa Bi Pruitt,
linakaa kumi na tatu na nusu.

Bi Pruitt ndiye mimi.
Futi moja na nusu ni dhiraa:
kiwiko hadi ncha ya kidole.

Ukumbi wa mji, viti vya chuma, taa zikivuma kama nyuki waliochoka.
Gladwyn Teske alisema kuhusu bei za nyumba.
Corinne Abel alisema kuhusu magari, na maji ya mvua,
na "wapangaji", neno alilolitoa kama mtu anayetema mbegu.
Arvid alisimama, kofia mkononi:
"Ardhi ni yangu. Nailipia kodi tangu mwaka sabini na tisa.
Sijui ni lini nyasi zangu ziligeuka kuwa za kikao."
Mwenyekiti akamjibu kwa upole wa daktari wa meno
kwamba chako ni chako mpaka mwenzako anapoanza kukiona.
Kisha akauliza: "Wanaopinga?"

Sikuwa na chuki. Hilo naomba liandikwe.
Niliwaza tu dirisha lile la kusini,
linalochungulia kamba ninapoanika nguo zangu.
Niliwaza nyumba niliyobaki nayo baada ya talaka,
kitu changu pekee ambacho thamani yake hupanda nikiwa nimelala.
Mkono ukanyanyuka. Ulikuwa mwepesi mno.
Arvid hakugeuka nyuma. Nadhani alikuwa akihesabu
kwa mlio wa viti.

Bi Thorunn akapelekwa nyumba ya wazee kando ya barabara kuu,
chumba cha kaskazini, dirisha la kutazama maegesho.
Na huko kuna kanuni: kitanda kimoja, mtu mmoja.

Mwaka uliofuata nikataka kuongeza baraza ya mbao.
Kibali hakitoki bila mpimaji.
Akaja kijana, Pheng Lor, na darubini yake ya miguu mitatu,
akatembea, akarudi, akapiga magoti kwenye nyasi za Arvid,
akachimba kwa kijiko cha bustani
mpaka chuma kikalia.
"Hii ndiyo bikoni, mama. Ua wako umeingia kwa jirani."
"Kiasi gani?"
"Futi mbili na inchi nne. Nyuma huku, karibu tatu."

Aliyejenga ua ule simjui. Niliukuta.
Nilikaa jikoni na kalamu kama mtoto wa darasa la pili:
kumi na tatu na nusu, jumlisha mbili na ushei.
Nikajumlisha tena, nikaanzia upande wa pili.
Jibu lilikataa kupungua.

Baraza sikujenga.
Ramani mpya iko kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.
Kila Jumapili, akitoka kumwona mama yake,
Arvid hukata nyasi. Akikaribia ua wangu
huzima mashine, huinama taratibu,
zilizobaki huzikata kwa mkasi,
asije akavuka.