Namba Zilizonyooka Mno

Ndani ya tanuri letu la Sohar
hajaingia mtu akarudi kusimulia.
Kipimajoto cha tatu kiliingia. Kilidumu siku kumi na tisa,
kikayeyuka kimya, waya wake ukaendelea kuleta salamu
kama simu ya marehemu aliyesahau kuizima.

Basi kazi yangu ni kuuliza nje habari za ndani:
gesi imetoka na nini,
majivu yameganda vipi, oksijeni imeliwa kiasi gani,
maji ya kupoozea yamerudi na homa ipi.
Miaka mitatu ya zamu nimeilisha kompyuta, safu kwa safu,
nayo hunijibu kwa ukanda, hainijibu kwa nukta:
baina ya elfu moja mia tatu na themanini
na elfu moja mia nne na sitini.

Mhandisi Muhanna hapendi *baina*.
"Zuwena, nipe namba moja. Vali haijui baina."
Anasema kweli. Moto ukipoa, majivu yanaziba koo la tanuri;
ukizidi, matofali yanalika,
na kila tofali ni riali zinazoyeyuka.
Tena makaa yenyewe hayana kauli moja:
shehena ya Machi, majivu kumi na mbili kwa mia,
ya Mei, kumi na tisa,
na karatasi ya bandarini inaapa ni yale yale.

Juzi usiku nikaona kitu.
Zamu moja ya Rajabu, saa sita hadi saa kumi na moja,
namba zimenyooka.
Zimenyooka mno.
Moto haunyooki hivyo. Moto una kikohozi, una kwikwi,
hushtuka makaa mabichi yakiingia.
Hizi zilikuwa zimepigwa pasi.

Nikafungua kitabu cha zamu: mwandiko wa Dilmurad.
Nikamkuta kwenye maegesho, karaki mkononi,
unyevu wa Batina umemgandisha shati mgongoni.
Nilimwonyesha ukurasa tu.
Akautazama mwenge wa gesi kule juu, kitambo.
"Usiku ule mke wangu alikuwa chumba cha kujifungulia.
Nilimwachia mwenzangu tanuri, nikarudi alfajiri,
nikanakili namba za usiku wa nyuma yake.
Mtoto alichelewa kulia, dada.
Daktari nikimuuliza, ananambia: tungoje, hatujui."
"Na sasa?"
"Sasa? Majirani ndio waliohama."

Nikarudi kwenye skrini.
Ningeweza kuziacha saa tano zile,
modeli ikaamini upo usiku usio na kwikwi.
Ningeweza kuzifuta, kana kwamba hapakucha.
Nikaandika mbele ya kila moja: *haijulikani*.
Nikaiamuru ianze upya kujifunza,
feni za mashine zikavuma mpaka adhana,
na ukanda ukatanuka, juu na chini,
kama kifua cha aliyeibuka kutoka majini.

Asubuhi Muhanna akaushika ule mchoro, akaukunja uso.
"Mwezi mzima nakulipa upunguze shaka. Umeiongeza."
"Ilikuwepo. Tuliipiga pasi."
Akaguna.
Alinyoosha mkono kwenye oksijeni, akaongeza kidogo,
kidogo kuliko alivyozoea,
kisha hakuondoka. Chai yake ilipoa juu ya meza
naye amesimama pale, miwani kipajini,
akitazama gesi inatoka na nini.