Tarishi

Saa nane za usiku, Upper Hill, Julai.
Baridi inapita chini ya mlango bila kubisha.
Nimeazima blanketi la mlinzi,
linanuka moshi na chai iliyomwagika,
na mbele yangu skrini nyeusi, kishale kinapepesa
kama mtu aliyetaka kusema jambo akasita.

Amri moja tu. Naibonyeza.
Hakuna kinachotokea, na hiyo ndiyo dalili njema:
amekwenda nyuma ya pazia, ameshika zamu.
Vitabu vya mitambo humwita pepo.
Bibi yangu angefukiza ubani.
Mimi nimemwandika Tarishi,
maana hana kazi ila kupeleka:
damu imepimwa, peleka wodini;
mtoto kalia, peleka kwa karani wa vizazi;
kitanda kimeachwa wazi, peleka mapokezi.
Hajui damu ni nini.
Hajui kitanda kimeachwa wazi vipi.

Faili la mipangilio nimelirithi kwa Mutinda,
aliyehamia Kigali akasahau kikombe chake.
Mistari mia mbili na kumi.
Lango la kusikilizia. Urefu wa foleni.
Kusubiri jibu: sekunde thelathini.
Na pembeni, nyuma ya alama ya reli, usia:

     # Mwenye kupunguza hapa
     # asilale, asubiri.

Nilipunguza. Jumanne. Nani hapendi kasi?
Sekunde tano. Na lile neno "nimepokea"
nikaruhusu litamkwe mlangoni,
kabla ujumbe haujaandikwa diskini.
Grafu zikapanda, wakuu wakanipongeza.
Alhamisi stima ikapotea.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ya tatu ikashika;
katika pengo lile, kati ya kikohozi na kikohozi,
jumbe arobaini na moja zilikuwa zimeshaitikiwa
na hazikuwa popote.

"Zimepokewa," inasema shajara.
Na nani? Shajara haikufunzwa kuulizwa hivyo.

Nikashuka ghorofa tatu hadi maabara, kuomba radhi.
Nikamkuta Bwana Lihanda, koti la kaki, viatu vya raba,
ambaye barua yake ya kustaafu
ilianza kuchapwa siku tulipofika na nyaya zetu.
Aliona taa zikizimika, akakusanya karatasi,
akapanda wodi kwa wodi, tochi kwapani.
Thelathini na tisa zilifika.
Mbili alirudi nazo: wodi ilihamia jengo jipya,
hakuna aliyemwambia,
wala mimi sikumwambia wangu.

Kitabu chake cha sahihi kimeshonwa kwa uzi wa gunia.
"Nikikabidhi," alisema, "sibanduki
mpaka kalamu iguse karatasi.
Nesi ataniambia: weka hapo, nimeona.
Kuona si kupokea. Nasimama.
Wananiita king'ang'anizi."
Hakuongeza neno. Alikuwa na njaa.
Tulikula mandazi ya jana, tukazipeleka zile mbili pamoja,
mvua ya rasharasha ikitulowesha uani.

Basi usiku huu naandika upya.
Kusubiri: thelathini. Samahani, Mutinda.
Kuitika: baada ya kuandika, si kabla.
Kujaribu tena: mara saba,
kila mara ukivuta pumzi ndefu kidogo kuliko ya kwanza.
Kisichofika usikitupe; kiweke foleni ya kando,
asubuhi nitapita nikiulize kilikuwa cha nani.
Na wodi zote, kwa majina yao mapya,
hata ile ambayo bado haijapakwa rangi.

Namzima. Namwasha.
Kimya. Kishale kinapepesa.
Huko nje korongo amejikunyata juu ya mgunga
kama mhasibu aliyekosa shilingi moja.
Kisha shajara inatema mstari wake wa kwanza:
mtoto, wodi ya tatu, kilo mbili na nusu,
saa nane na dakika arobaini.

Karani wa vizazi amesinzia, shavu juu ya meza.
Tarishi amefika mlangoni kwake.
Anaita. Anangoja. Anaita tena.
Habanduki.