Rekebisho la Saba

Ilipokuja ilikuwa fremu tu na injini yenye kikohozi,
ikashushwa usiku hapa Kariobangi, nyuma ya duka la mabati.
Aliyetuuzia alihesabu pesa akitazama pembeni
kama mtu auzaye ng'ombe anayejua teke lake.
"Inapasua," alisema.
Hakusema inapasua nini.

Ubao wa kwanza ulitoka na mawimbi,
mwembamba huku, mnene kule.
Mteja akaulaza sakafuni, akaukanyaga, ukacheza,
akauliza kama tumempasulia mbao au bembea.

Basi tukaanza.

Odera aliingia Grogani akatoka na beringi nne
za gari lililokwisha kuzikwa,
akazifunga juu na chini ya ukanda wa msumeno,
zikaushika kama vidole vya shangazi kwenye sikio la mtundu:
nenda, lakini nyooka.
Tukaongeza magurudumu ya mkokoteni. Tukaongeza jeki ya pikapu
ya kuinua gogo upande wake mwembamba.
Mti hauendi ila kwa nyenzo, walisema wahenga.
Hawakusema nyenzo huuzwa kwa kilo
kwa Kasyoka wa vyuma chakavu,
na mizani yake ina mambo yake.

Halafu ukanda ukawa unachemka.
Utomvu wa mtarakwa uliganda kwenye meno, moshi ukatoka,
tukajua unataka maji, tone kwa tone, si mfereji.
Nikaukumbuka mrija.
Ulining'inia wiki tatu juu ya kitanda cha mama,
una kigurudumu cha plastiki unachosukuma kwa dole gumba:
haraka, polepole, basi.
Nikaufunga kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia,
maji, na sabuni ya vyombo kidogo.
Mama alipotuletea uji alisimama akautazama,
akahesabu matone kwa midomo, mazoea ya wodini,
akasema, "Huyu mgonjwa wenu, mwongezeeni kidogo."
Tukamwongezea.
Msumeno ukapoa.

Aprili, mvua ikaangusha mjakaranda Kilimani
juu ya ukuta wa mtu. Tukaitwa.
Mbao tatu zikatoka, inchi mbili, nyoofu, nikazipapasa kama shavu.
Ya nne: kwaa!
Cheche. Ukanda ukakatika, ukapita karibu na sikio langu ukilia,
ukaanguka nyasini, ukajikunja.
Elfu nne na mia mbili. Nimezitaja
kwa sababu hakuna aliyezitaja siku ile.

Tukachokonoa kwa patasi. Msumari.
Juu yake mwingine, na pembeni mwingine.
Mti ule ulisimama kando ya barabara miaka hamsini
na kila mwenye neno aliligongomea kifuani mwake:
mganga arudishaye mpenzi kwa saa tatu,
diwani mtarajiwa, meno nje,
hisabati jioni, chumba cha kupanga maji yapo.
Karatasi zikaoza. Mti ukafunga ganda juu ya chuma,
ukanyamaza, ukanenepa.
Sura ya diwani hakuna anayeikumbuka.
Msumari wake ndio uliokula ukanda wangu.

Hivyo, rekebisho la saba: sumaku ya spika
ya kanisa lililohama na kuacha deni,
imefungwa kamba, inapitishwa juu ya gogo polepole.
Msumari wa juu juu huivuta.
Uliozama, hapana. Kwa huo tunatafuta doa la buluu
kwenye kichwa cha gogo, wino wa chuma,
tunagonga kwa nyundo, tunategea sikio,
tunakisia. Mara nyingine tunakosea.

Jana nilimkuta kijana kwenye mti ulio mbele ya karakana,
tangazo mkononi, misumari minne mdomoni.
Nikamnyang'anya nyundo.
Nikampa gundi yetu, ya mbao, nusu kikombe.
Odera anasema hilo si rekebisho la mashine.