Upande wa Magharibi

Nyumba ni yetu. Ardhi si yetu.
Sema hivyo ugenini, watu watacheka,
watadhani ni kitendawili, watakwambia tega.
Hapa Majengo hacheki mtu.
Umiliki wetu waanzia kizingitini kwenda juu:
kuta, boriti, mabati, paka wa darini.
Chini ya kizingiti kuna mwenyewe,
na mwenyewe hatujapata kumwona uso.

Tumwonaye ni Msellem, wakala,
kila tarehe tano, na kitabu chake cha risiti
na kalamu iliyofungwa uzi asiibiwe.
Mwaka mama alipochimba choo kipya
Msellem alisimama ukingoni akatazama chini.
"Nyumba yenu," akasema, "ardhi ya tajiri.
Sasa shimo hili, Bi Somoe, nimwandike nani?"
Mama hakuinua hata kichwa:
"Mwandike atakayelijaza."

Jumanne nikaenda ofisi ya ardhi
na shilingi mia tano, na nambari ya kiwanja
niliyoinakili nyuma ya ratiba ya Ramadhani.
Mbele yangu, mtu na hatimiliki yake
ndani ya bahasha ya eksirei,
ameikumbatia vivyo hivyo,
kama aliyekwisha kuambiwa kuna doa.
Mtandao ulikuwa umelala.
Bwana Mutinda akainuka, akashika funguo,
akaingia chumba cha nyuma ambako karatasi hailali,
akatoka na faili, akapiga chafya mara tatu.

Lilikuwa na stempu za serikali iliyokwisha ondoka,
vipimo vya futi, sahihi ya herufi za Kiarabu
iliyolala ubavu kama aliyechoka kuulizwa.
Na mipaka, kwa maneno:
Kaskazini, njia ya watu wote.
Mashariki, kisima.
Kusini, ua wa makuti wa Fumo Bwana.
Magharibi, nyumba ya Mwanamkuu binti Shee,
mshona kofia.

Nikaweka kidole pale.
Mwanamkuu ni bibi yake mama.
Kofia zake alizishona mlangoni, mwangani,
kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa ghali,
na karani fulani, siku fulani, alipita na kamba yake ya kupimia
akamwona, akaandika.

"Samahani," Mutinda akasema, "faili hili si lenu.
Nimekosea tarakimu moja. Hili la jirani."
Letu tulilipata saa saba:
jina moja, warithi kumi na wanne,
wengine Maskati, mmoja hajulikani aliko,
zuio la mahakama, na juu ya zuio, zuio.
Ndani yake sisi hatumo.
Hata kwa bahati mbaya.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo tulivyofunzwa.
Sikufunzwa kwamba mtu aweza kuwamo daftarini
bila mali, bila kosa, bila kuulizwa,
amesimama pembeni mwa mali ya mwenziwe
ili mali hiyo ijue pa kukomea.

Nikarudi kwa miguu kupitia Mwembe Tayari.
Mama alikuwa akichambua mbaazi.
"Umetuona?"
"Nimetuona."
"Kwenye faili letu?"
"La jirani. Sisi ndio mpaka wake."

Akautazama ukuta wa mashariki,
ule unaomwaga lipu kila masika,
ambao mara mbili nilimwambia tuubomoe
tuujenge upya, ndani kidogo.
Akautazama kitambo, mbaazi mkononi.

"Haya," akasema. "Tarehe tano
mwambie Msellem aje na kitabu cha pili.
Miaka yote hii twamsimamishia mtu mpaka wake,
lipu yetu, chokaa yetu, mgongo wetu,
na risiti hatujamkatia hata moja."

Akapuliza maganda,
akaniuliza kama chenji ya mia tano ilibaki.
Haikubaki.