Uvinza

Miaka kumi na minne naichora neva ubaoni,
kwa chaki, kama reli: vituo vyake,
mafuta yanayouviringisha waya.
Jumanne niliishia katikati, nikafuta,
nikawaambia Kidato cha Tano wasome wenyewe.

Baba yangu, Lugusha wa stesheni ya Tabora,
alikuwa mtu wa pete: pete kubwa ya chuma
aliyoinyanyua gizani, mkono umenyooka,
dereva aichukue bila treni kusimama.
Unayo, unapita. Huna, unalala hapo hapo.
Hakuna nusu ya pete, alikuwa akisema.
Hakuna dereva aliyeruhusiwa kidogo.

Na neva ni hivyo hivyo,
hulipuka yote au hailipuki kabisa.
Chai ya vuguvugu na chai ya kuunguza ulimi
hupeleka mlio mmoja, haukui, haupungui,
ila ya moto hupiga mfululizo,
ta-ta-ta-ta-ta,
na ya vuguvugu: ta.
Kisha, ta.
Ubongo umekaa gizani ndani ya fuvu,
haujawahi kuonja chai.
Unahesabu tu.

Na mlio wenyewe, ukiufungua, ni chumvi.
Chumvi, basi. Kilango kinafunguka, chumvi inaingia mbio,
kilango cha jirani kinasikia kishindo nacho kinafunguka,
hivyo hivyo hadi waya unapokwisha
kwenye ufa mwembamba kuliko unywele
uliochanwa mara elfu,
na hapo umeme hauvuki.
Hapo lazima mtu anyooshe mkono
atoe pete.

Mwezi wa nne, alfajiri, akivaa kiatu,
damu iliganda upande wa kushoto wa kichwa.
Kitete walisema kiharusi.
Mkono wa kulia, ule wa pete, ulishuka ubavuni ukakaa.
Maneno yakaondoka.
Vikabaki vituo.

Kijiko: "Kaliua."
Shuka: "Usoke."
Mimi, Nyamizi, kifungua mimba wake: "Bukene,"
na Bukene iko njia ya Mwanza,
sijui nilimkosea nini.
Lakini ukimwanzishia tu, "Tabora..."
anashuka navyo macho kafumba, hajikwai,
Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Malagarasi,
kama mtu aliyezaliwa na ratiba mdomoni.
Mama hucheka, halafu ghafla
hukumbuka kitu jikoni.

Jana usiku nilipika ugali na nsansa.
Alikata tonge kwa mkono wa kushoto,
akiniomba radhi kwa macho, kama kila siku.
Akatafuna. Akasita.
"Uvinza."
Ndiyo, baba, Uvinza, nikasema, namfuta kidevu.
"Uvinza."
Haya.
Akagonga meza. "Uvinza, Uvinza, Uvinza, Uvinza,"
haukupanda sauti, uliongezeka mwendo tu,
na mimi, mwalimu wa somo hilo hilo,
ndipo nikaacha kumfuta kidevu
nikaonja mboga.

Uvinza. Mabehewa yaliyotoka magharibi usiku,
magunia yaliyovuja weupe kwenye mataruma,
nami nina miaka sita, gauni la shule,
baba ananitilia punje kiganjani: ramba, ujue treni imebeba nini.

Daraja la neno lile limevunjika.
Humo ndani mtu ameshuka kwenye tuta,
amekata pori la miombo kwa miguu, pete begani,
amezunguka siku nyingi
akatokea kituo ambacho hakuna aliyemngoja.

Chumvi ilikuwa imeshikana koponi.
Niliigonga kwa mpini wa kisu,
nikagonga zaidi ya ilivyohitaji,
mpaka uso wangu ukarudi mahali pake.

Alipoona nimeileta aliniangalia sana,
akasema, taratibu, bila kukosea hata herufi:
"Bukene."

Nikaitika.