Dwe, Mwezi

Jumamosi, ukumbi wa kanisa pale Obunga,
Mwalimu Khavetsa hutuazima vitabu vyenye mistari miwili:
juu Dholuo, chini Kiswahili.
Virudi wiki ijayo, anasema, na visirudi na mafuta.

Mimi shule niliishia darasa la tatu.
Nasoma kama mtu avukaye mtaro gizani,
mguu mmoja, kisha mwingine.
Abuto, ambaye ataanza shule Januari,
hanicheki. Ananishikia ukurasa.

"Gweno," nasema. "Kuku," anasema.
"Rech." "Samaki." Anameza mate.

Jana tulifika penye picha ya mbingu.
"Dwe," nikasoma.
Akaweka kidole chini yake, akakokota: mwe-zi.
Kisha kimya, uso ameukunja
kama mwenye nyumba akihesabu sarafu.

"Mama, dwe si ndiyo ile ya kodi?"
Ndiyo.
"Na mwezi pia ni ule wa kodi?"
Ndiyo.
"Kwani walisikizana?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua mlango.
Mwezi mwandamo, mwembamba,
juu ya mabati ya jirani,
nami kwa mara ya kwanza
nikautazama bila kuhesabu siku.