Kidole Hakikutambulika

Saa kumi na nusu jioni Marekani wanafungua soko,
na sisi wa Wete ndipo tunapofungua midomo.
Mbarouk fundi simu huwa wa kwanza: kumekucha, yakhe!
ilhali jua lake lishainamia Mtambwe.

Mbarouk ana robo ya hisa ya kampuni ya chipu.
Kutwa huzichomoa kwa koleo kwenye simu zilizokunywa maji,
akaziinua chini ya taa kama mtu achambuaye mchele,
na ukimuuliza hali ya soko hujibu:
tumbo la mgonjwa nimeliona, mapigo yapo.

Bi Riziki wa benki ana hisa mbili nzima,
kwa hiyo akikohoa tunanyamaza.
Yeye ndiye mleta habari: faida ya miezi mitatu, madeni,
mkurugenzi aliyeuza zake kimyakimya.
Mwenye nyumba akihamisha vitanda, huandika,
mpangaji usinunue pazia.

Mwalimu Shaame hana hisa. Ana vina.
Jumatano ile alituma:

    Soko lafungua macho, wekundu umesambaa,
    Kila tuwekacho ndicho chaporomoka, jamaa,
    Asiyekuwa na kicho leo atapata baa,
    Uzeni, msije lia, au kaeni na njaa.

Kombo akamjibu: Mwalimu, mizani yako imetimia.
Salio langu ndilo lililopungua silabi.

Mimi nilikuwa Kangagani, nyuma ya nyumba,
karafuu pishi thelathini juu ya majamvi.
Bei yake imebandikwa ukutani kituoni;
haishuki kwa sababu mtu fulani ng'ambo kaota vibaya.
Lakini pesa za mchumo wa kwanza zilikuwa simuni,
zimegeuka namba nyekundu,
na kila nikipepesa jicho zimepungua mbuzi.

Mama, tangu asikie neno chipu,
anauliza kwa nini tununue viazi vya Wamarekani.

Wingu likaja upande wa Kiuyu, bila hodi.
Tukakimbilia majamvi, mimi, mama, watoto wa jirani,
tunakunja, tunabeba, tunazoa kwa mikono,
na simu mfukoni inatetemeka kama kuku aliyeloa:
uza. Uza. Bi Riziki kashauza moja.
Uza, we mwanaharamu, unangoja nini?

Nikasimama upenuni, maji yananitiririka shingoni,
nikaweka dole gumba kwenye kioo.

Kidole hakikutambulika. Jaribu tena.

Nikakifuta kwenye suruali. Nikakipuliza.
Nikakifuta kwenye kanga ya mama, nikatukanwa.
Siku tisa nilikuwa nikichambua karafuu na makonyo yake,
mafuta yameila ngozi, utomvu umeziba mistari,
dole jeusi, laini, halina mwenyewe.
La kushoto vilevile.
Na namba ya siri? Nani anakumbuka namba ya siri
mwenye vidole kumi?

Jaribu baada ya nusu saa, ikasema simu, ikajifunga.

Nusu saa ya mvua ni ndefu.
Niliihesabu kwa matone ya bati,
nikiwaza ada ya shule, nikiwaza mbuzi.

Tulipotoka kuswali magharibi ikakubali kufunguka.
Namba ilikuwa kijani.
Imerudi ilikokuwa, ikaongeza na kidogo cha juu,
kama mgeni aliyeaga kwa hasira akakumbuka kofia.

Kombo alikuwa ameuza. Bi Riziki alikuwa ameuza moja,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniuliza swali:
wewe ulijuaje?
Nikaandika: nilisubiri.
Nikafuta. Nikaandika tena: nilisubiri tu.
Shaame akaahidi beti saba juu ya subira yangu,
nami sikumkataza.

Asubuhi nilikwenda dukani kwa Mbarouk,
nikaweka simu mezani, nikaweka na dole kando yake.
Akawasha taa. Akaiangalia simu kidogo, dole kwa muda mrefu,
akacheka mpaka koleo likamdondoka.

Simu nzima, yakhe, alisema.
Uliyefutika ni wewe.